Je, Ukame Una Mwenye Kosa?

Mvua isiponyesha kwa wakati wake, na mahindi yakanyauka kabla ya kutoa mbelewele, watu huuliza maswali mawili. La kwanza ni hili, "Kwa nini?" La pili ni hili, "Ni nani?" Ilivyo haki, la kwanza lingetangulia, maana mtu hawezi kumtafuta mwenye kosa kabla hajajua kama kosa lipo. Lakini njaa ina haraka, na mara nyingi la pili hulipita la kwanza njiani.

Tutoe mfano mmoja wa kweli, nao si mfano mwepesi. Mwaka 2005 mtaalamu wa Marekani, Edward Miguel, alitangaza uchunguzi alioufanya katika wilaya ya Meatu, nchi ya Usukuma. Alihesabu mauaji yaliyotokea vijijini, akayalinganisha na mvua ya kila mwaka. Akaona ya kuwa katika miaka ya ukame mkubwa au ya mafuriko, idadi ya watu waliouawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi ilikuwa karibu mara mbili ya idadi ya miaka mingine, na mauaji ya namna nyingine hayakuongezeka hivyo. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, na mara nyingi mkono uliowaua ulikuwa mkono wa jamaa zao wenyewe. Bibi aliyepika miaka hamsini kwenye moshi wa kuni na samadi huwa na macho mekundu, na macho hayo yakafanywa kuwa ushahidi.

Hilo ni kosa la kwanza, nalo ni kumwona mwenye hatia mahali asipokuwapo. Liko na kosa la pili, ambalo huelekea upande mwingine kabisa. Siku hizi wako watu, na wengi wao wana elimu na mali, wanaoambiwa ya kuwa moshi wa viwanda na magari yao unaharibu tabia ya nchi ulimwenguni. Nao hujibu, "Tabia ya nchi imebadilika tangu zamani za kale, kabla ya viwanda. Ni mambo ya ulimwengu, hapana mtu wa kulaumiwa." Hawa hawamwoni mwenye hatia mahali popote.

Basi tumetaka kuuliza mwezi huu: Je, ukame una mwenye kosa? Na kwa kuwa neno hili si la kukisia, yatupasa kumwita shahidi. Yuko mmoja mzee kuliko babu zetu wote, asiye na mdomo, asiyepokea rushwa, wala hana jamaa wa kumpendelea. Naye ni tope lililo chini ya maziwa yetu.

Kila mtu aliyechota maji ya mto wakati wa masika na kuyaweka mtungini amekwisha kuona jinsi tope linavyoandika. Asubuhi hukuta maji yametakata juu, na chini mashapo yametulia. Akimimina maji mengine bila kuosha mtungi, kesho atakuta tabaka jipya juu ya lile la jana. Ziwa ni mtungi usiooshwa kamwe. Mito huleta udongo, upepo huleta vumbi na unga wa maua, moto wa nyika huleta masizi, na viumbe vya majini hufa na kuzama. Vyote hukaa chini kwa taratibu, vya zamani chini, vya karibuni juu.

Watu wa Ulaya ndio walioanza kuhesabu tabaka hizo. Gerard De Geer wa Sweden, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, alichunguza udongo ulioachwa na barafu ilipoyeyuka katika nchi yake, akaona ya kuwa kila mwaka ulikuwa umeacha tabaka lake, nene la kiangazi na jembamba la baridi. Akazihesabu moja moja, kama mtu ahesabuvyo shanga. Mswidi mwingine, Lennart von Post, mwaka 1916 alionyesha ya kuwa unga wa maua uliozama katika matope ya kale waweza kuhesabiwa chini ya hadubini, ukatuambia ni miti gani iliyoota huko. Na mwaka 1949 Mmarekani Willard Libby na wenzake walionyesha njia ya kujua umri wa kitu kilichokuwa hai. Kila chenye uhai huvuta kaboni ya hewani, na sehemu yake ndogo huoza taratibu baada ya kufa, hata nusu yake hutoweka kwa muda wa miaka 5,730 hivi. Anayepima kilichosalia ajua ni muda gani umepita.

Katika nchi zetu hapana haja ya kwenda mbali kuona kitabu hiki. Chini ya Mlima Kilimanjaro, mpakani mwa Tanzania na Kenya, liko Ziwa Chala, ziwa la shimo la volkano, lenye kina kirefu na kingo zilizosimama kama ukuta. Kule chini hakuna hewa ya kuwatosha minyoo wa kuvuruga tope, kwa hiyo tabaka hukaa kama zilivyolala. Wakati wa kipupwe, upepo unapovuma na mvua hakuna, vimea vidogo vyenye gamba mfano wa kioo huongezeka sana majini, vikafa, vikafanya tabaka jeupe. Majira ya mvua na joto hufanya tabaka jeusi. Jeupe na jeusi pamoja ni mwaka mmoja. Mwaka 2016 wachunguzi walitoboa chini ya ziwa hilo, wakatoa kwa mabomba nguzo ya tope ya zaidi ya mita 200, yenye habari za miaka kama 250,000.

Lakini mtu aweza kuuliza, "Tope laweza kuongopa?" Swali hilo ni jema, kwa maana shahidi asiyehojiwa si shahidi. Kuongopa haliwezi, ila laweza kueleweka vibaya. Samaki na minyoo huweza kuchanganya tabaka, na mafuriko makubwa huweza kuleta udongo wa kale na kuuweka juu ya mpya. Kwa sababu hiyo wachunguzi hufanya kama wazee wa baraza wafanyavyo. Hawatosheki na shahidi mmoja, tena huwahoji mashahidi mbalimbali ili kuona kama maneno yao yapatana. Unga wa maua husema habari za miti na majani. Masizi husema habari za moto. Vile vimea vyenye gamba, na vichwa vya funza wa vijidudu wafananao na mbu, husema kama maji yalikuwa matamu au ya chumvi, kwa kuwa kila aina ina maji ipendayo. Ziwa lisilo na mto utokao likipungua, chumvi yake huzidi, kama mchuzi uliochemka mno. Mashahidi wote wakisema neno moja, lenye tarehe moja, mwenye haki hana budi kulisadiki.

Sasa tusikie ushuhuda wenyewe.

Mwaka 2000 Dirk Verschuren wa Ubelgiji pamoja na wenziwe wawili walitangaza habari za miaka 1,100 waliyoisoma katika tope la Ziwa Naivasha, nchi ya Kenya. Walisema ya kuwa toka mwaka 1000 hivi mpaka 1270 nchi ilikuwa kavu kuliko sasa. Baadaye ikawa na mvua nyingi kwa muda mrefu, ila mvua hizo zilikatizwa mara tatu na ukame: toka 1380 mpaka 1420, toka 1560 mpaka 1620, na toka 1760 mpaka 1840. Kila mmoja wa ukame huo watatu ulikuwa mkali kuliko ukame wowote ulioandikwa katika karne ya 20. Na hapa tope na ulimi wa mwanadamu vimepatana, maana masimulizi ya wazee wa nchi za maziwa yana habari za njaa kuu na watu kuhama katika nyakati zizo hizo. Njaa iitwayo Nyarubanga, isimuliwayo katika nchi za Uganda na jirani zake, huhesabiwa kuwa ya wakati wa ukame ule wa pili.

Tazameni urefu wa miaka hiyo. Ukame mmoja wa miaka arobaini, mwingine sitini, mwingine themanini. Mtu aliyezaliwa ndani yake aliweza kuzeeka na kufa asione ziwa limejaa, akawaambia wajukuu wake ya kuwa hivyo ndivyo ziwa lilivyo.

Turudi nyuma zaidi. Ziwa Victoria leo lina eneo la kilomita za mraba kama 68,800, na kina chake kirefu ni mita 80 hivi. Mwaka 1969 Kendall alitangaza habari alizozisoma katika tope la Ghuba ya Pilkington, upande wa Uganda. Aliona ya kuwa kabla ya miaka kama 15,000 iliyopita pande zile zilikuwa nyika ya majani, na misitu ilikuja baadaye. Kisha mwaka 1996 wachunguzi walitangaza ya kuwa walipotoboa mahali penye kina kirefu zaidi katika ziwa walikuta, chini ya tope laini, udongo mgumu wenye vizizi vya mimea. Mimea ya nchi kavu iliota katikati ya Ziwa Victoria! Maana yake ni kwamba ziwa lile lote lilikuwa limekauka. Ziwa Albert lilipungua vivyo hivyo, na Ziwa Tana la Uhabeshi likakauka katika nyakati zilizo karibu na hizo. Na kule kusini, tope la Ziwa Malawi lililotobolewa mwaka 2005 lilionyesha ya kuwa katika nyakati za kale zaidi, miaka kati ya 135,000 na 75,000 iliyopita, maji yake yalipungua mara kwa mara hata ikabaki sehemu ndogo tu ya ziwa tulijualo.

Ni nini kilichofanya hayo? Dunia yetu inapozunguka huyumba polepole, kama pia ichezewayo na watoto inapokaribia kulala, na mzunguko mmoja wa kuyumba huko huchukua miaka kama 26,000. Kwa ajili ya hayo jua hupiga sehemu mbalimbali za nchi kwa nguvu tofauti katika majira yake, na pepo za mvua hufuata. Milutin Milanković wa Serbia alizifanya hesabu hizo kwa kalamu na karatasi, akazichapa kitabu mwaka 1941. Toka miaka kama 11,000 mpaka 5,000 iliyopita, jangwa la Sahara lilikuwa na majani na maziwa, na Ziwa Turkana lilijaa hata likafurika. Na kukauka kule kwa Ziwa Victoria wataalamu hukuunganisha na wakati ambapo barafu nyingi zilimwagika katika bahari ya Atlantiki ya kaskazini, zikaipoza, pepo za mvua zikavurugika mpaka Asia.

Basi, ndugu zetu, hukumu ya kwanza yaweza kutolewa. Yule bibi mwenye macho mekundu hana hatia. Ukame ulikuja mwaka 1380, naye hajazaliwa. Ulikuja mwaka 1760, naye hajazaliwa. Ulikuja kabla ya kijiji chake kuwako, na kabla ya mtu yeyote kulima mtama katika nchi ile.

Labda mmoja atabisha na kusema, "Hata zamani wachawi walikuwako." Twamjibu hivi. Ikiwa uchawi wa kijiji kimoja ndio ufungao mvua, basi ukame ungekoma mpakani mwa kijiji, ambapo chuki ya huyo mchawi imekoma. Lakini tope lasema ya kuwa mvua ilikosekana kwa watu wa Victoria na kwa watu wa Uhabeshi pamoja, ambao hawakujuana hata kwa jina. Ni bibi gani awezaye kuwachukia wote hao? Ni shamba lipi au ng'ombe yupi aliyegombewa kati yao? Anayesisitiza hata baada ya kusikia hayo hatafuti sababu ya ukame. Anatafuta mtu dhaifu wa kumwangushia uchungu wake, na pengine anatafuta na shamba lake. Wenzetu hulikumbuka neno la rafiki za Ayubu, walioona msiba wakajua mara moja ya kuwa pana dhambi, nao hawakuwa wamesema yaliyo sawa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, maana kidole hupona, na neno "mchawi" likisha kutamkwa kijijini halirudi mdomoni.

Sasa na wale wa kosa la pili hushangilia wakisikia hayo. Husema, "Mwaona? Tope limetufungua na sisi. Kama ukame wa 1380 haukuwa na mwenye kosa, na huu wa leo hauna." Hapa yafaa tuende pole pole, maana neno hili hufanana na kweli.

Twaulizana: watu wamekufa kwa homa tangu mwanzo wa ulimwengu. Je, kwa hiyo hapana mtu aliyepata kuuawa kwa sumu? Nyumba nyingi zimeungua kwa radi. Je, aliyekamatwa na kijinga cha moto nyuma ya nyumba ya jirani ataachwa kwa ajili ya radi? Mwamuzi mwenye akili hatosheki kujua ya kuwa jambo lina sababu isiyo ya mtu. Huuliza kama sababu hiyo ndiyo iliyokuwako siku ile.

Basi tulihoji tope tena. Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina katika ulimwengu wote, lina mita zaidi ya 1,400. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenziwe walitangaza habari za joto la maji yake ya juu kwa muda wa miaka 1,500. Walipima mafuta ya vijidudu vya majini vilivyozama, ambavyo hubadili umbo la mafuta yao kadiri ya joto. Wakaona ya kuwa katika miaka yote hiyo hapana wakati maji yale yalipokuwa na joto kama mwishoni mwa karne ya 20. Kuyumba kwa dunia hakuwezi kufanya hivyo, maana huchukua maelfu ya miaka, na joto hili limepanda katika maisha ya mtu mmoja na mtoto wake. Lakini hewa ya ukaa, ile itokayo katika makaa ya mawe na mafuta yanapochomwa, kabla ya viwanda ilikuwa sehemu kama 280 katika milioni ya hewa, na siku hizi imepita 420. Hewa hiyo hushika joto kama blanketi lishikavyo joto la mwili. Huyu ndiye aliyekamatwa na kijinga.

Na joto la ziwa si hesabu ya vitabuni tu. Maji ya chini ya Tanganyika yana chakula kingi cha vimea, na maji ya juu yana mwanga. Upepo ukivuma huyachanganya, vimea husitawi, dagaa hula, migebuka hula dagaa, nasi twala wote. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, hukaa juu kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo hauwezi tena kuyachanganya vema. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenziwe walionyesha, kwa mifupa na magamba ya samaki yaliyo katika tope, ya kuwa samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara kuanza katika karne ya 20. Hatusemi ya kuwa nyavu hazina lawama. Twasema ya kuwa mvuvi wa Kigoma au wa Uvira arudipo na mtumbwi mtupu, sehemu ya samaki wake imepotea kwa moshi wa watu ambao hajapata kuwaona.

Tena wale wasemao ya kuwa tabia ya nchi ilibadilika tangu kale wameleta shahidi anayewashitaki wenyewe. Maana tope lasema nini? Lasema ya kuwa maziwa yetu ni kama chungu kilichowekwa juu ya mafiga mabovu. Kuyumba kidogo kwa dunia kulikausha nchi. Baridi ya bahari ya mbali ilikausha Ziwa Victoria. Mtu akijua ya kuwa chungu hiki huanguka kwa kuguswa kidogo, na bado akakisukuma, kosa lake limepungua au limeongezeka? Kujua kwake udhaifu wa kitu ndiko kunakomzidishia wajibu wa kukitunza.

Lakini haki ina makali pande zote mbili, nasi tukiisha kuitumia kwa wengine hatuwezi kuificha inapotugeukia. Ni kweli ya kuwa Afrika nzima hutoa sehemu ndogo tu ya moshi huo, kadiri ya sehemu nne katika kila mia kwa mwaka. Bibi mwenye mafiga matatu hawezi kuhesabiwa sawa na mji wenye magari milioni. Walakini tope la Ziwa Victoria lina neno jingine. Mwaka 2002 Verschuren na wenziwe walionyesha ya kuwa toka miaka ya 1930 hivi, vimea vya majini viliongezeka mno katika ziwa lile, kadiri watu na mashamba yalivyoongezeka kando yake. Udongo wenye rutuba uliopotea mashambani ulikwenda ziwani, ukaota uchafu wa kijani, na huo ulipooza ulimaliza hewa ya samaki wa chini. Hapa hapana Mzungu wa mbali wala moshi wa mbali. Ni jembe lililolima kutoka juu ya mlima kwenda chini, ni kingo za mto zilizofyekwa mafunjo na miti. Jina lililoandikwa katika tabaka hizo ni letu.

Twaweza sasa kujibu swali tuliloanza nalo. Ukame una sababu siku zote, na mwenye kosa mara nyingine. Uko ukame usio na mwenye kosa, na katika huo wajibu wetu ni kuvumiliana na kugawana, si kushitakiana. Uko na ukame, pamoja na joto na mafuriko, ambao mikono ya watu imeuongezea ukali, na katika huo kila mtu huchukua lawama kwa kadiri ya kazi ya mkono wake, mkubwa kwa ukubwa wake na mdogo kwa udogo wake. Tena mara nyingi hizo mbili huchanganyika katika mwaka mmoja, hata mtu asiweze kusema, "Gunia hili limepotea kwa jua, na hili kwa moshi." Hata hivyo, ugumu wa kupima haufuti deni. Ndugu wawili wakirithi deni la baba yao, nao hawajui hesabu sawasawa, hukaa chini wakatafuta hesabu. Hawaendi kumpiga jirani, wala hawakani ya kuwa deni lipo.

Katika hayo yako mambo matatu yanayotupasa vijijini mwetu.

La kwanza, mwaka wa njaa, mzee wa kijiji, mwalimu na mkuu wa nyumba wasimame mapema kabla ya maneno kuzaliwa. Mtu akisema, "Twajua ni nani," na aulizwe mbele ya wote, "Je, mwaka 1760 alikuwa nani?" Wazee wetu wa kike wapewe ulinzi, chakula kipelekwe mlangoni kwao mchana kweupe, ili kila mtu aone ya kuwa wana jamaa.

La pili, tusidhani ya kuwa miaka tuliyoiona ndiyo kipimo cha miaka yote. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini aliyeishi miaka tisini hakuuona ukame wa miaka themanini wa Naivasha. Kwa hiyo ghala la akiba, mtama na muhogo pamoja na mahindi, na visima vinavyotunzwa hata masika yakiwa mazuri, ni busara inayotoka chini ya ziwa. Tena kila mlima ulimwe kwa matuta yakatayo mteremko, na kingo za mito ziachiwe miti yake.

La tatu, tusione haya kudai haki kwa wale wenye moshi mwingi. Asiye na chuki wala woga huweza kusema, "Ndugu, sehemu hii ni yako." Lakini neno hilo litasikiwa vema zaidi likitoka kinywani mwa watu ambao wamekwisha kuacha kuua vikongwe wao, na ambao udongo wao haushuki tena ziwani.

Hata leo tope latulia chini ya Chala, na Naivasha, na Victoria. Tabaka la mwaka huu li jembamba kama ukucha, nalo halitafutika. Wataokuja nyuma watatoa bomba lao, watasoma mvua yetu na moshi wetu na udongo wetu uliopotea. Jambo moja halitaonekana humo, nalo ni kama katika mwaka wa njaa tulimtendea yule bibi haki. Hilo halina mahali pa kuandikwa ila katika maisha yake. Basi na tulitende angali hai.